Familia Moja Mizanini: Kumuaga Ndugu Ildefons Kagaruki

Tarehe 30 Juni 1976, Ndugu Ildefons Kagaruki anastaafu baada ya kuutumikia uwanja wa ndege wa Bukoba kwa miaka ishirini na mmoja na miezi minne. Karibu kila aliyeruka kutoka hapa tangu Uhuru amesimama mbele yake, na uzito wake anaujua. Hajapata kumtajia mtu.

Alizaliwa Buganguzi, akasoma shule ya misheni, na Machi 1955 akaajiriwa kuwa mchukuzi wa mizigo. Uhuru ulimkuta na sanduku begani. Mwezi uliofuata akakabidhiwa dawati la abiria pamoja na mizani yake. Ndege zetu ni ndogo, na rubani hawezi kuruka bila kujua amebeba kilo ngapi za watu na mizigo. Lakini kwetu mizani ni ya kahawa. Kumpandisha mama wa watu juu yake hadharani ni kumfanya gunia. Ndugu Kagaruki alitundika mikeka kuizunguka mizani, akawa anaandika kila uzito kwenye karatasi iliyokunjwa ambayo rubani peke yake aliifungua. Malalamiko yalikoma wiki hiyo hiyo.

Hakuwa mtu wa kudanganywa. Kwa kuwa mizigo ililipiwa na mwili haukulipiwa, bwana mmoja wa Nshambya aliwasili mchana wa jua kali amevaa makoti matatu, mifuko yote imejaa senene wa kukaanga. Ndugu Kagaruki alimpa kiti na maji, akasubiri. Makoti yalivuliwa moja baada ya jingine.

Jaribu kubwa lilikuja Oktoba 1970. Shirika la ndege liliagiza kwamba, kwa majaribio, abiria aliyezidi kilo sabini na tano alipe shilingi mbili kwa kila kilo ya ziada. Kanuni ile ilikuwa na huruma moja tu: watu wa familia moja wanaosafiri pamoja wangepimwa pamoja, na uzito wao ungegawanywa sawa.

Ijumaa tarehe 20 Novemba alifika Mama Celina, mjane wa marehemu Kamugisha wa Kishanda. Binti yake Felicitas alikuwa anaweka nadhiri za utawa Mwanza kesho yake asubuhi. Barua ilikuwa imechelewa, meli ilikwisha ondoka, na nauli ya ndege ilichangwa na waamini wa kigango chake. Mizani ilisoma kilo tisini na saba. Zilihitajika shilingi arobaini na nne. Alikuwa na sita. Na siku hiyo mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa amesimama kando ya mikeka.

Kupunguza kilo kwenye karatasi kungekuwa rahisi. Ndugu Kagaruki hakuthubutu. Mizani ya hila ni dhambi, na ndege haidanganyiki. Alitoka akawauliza abiria kama yuko miongoni mwao ndugu wa Mama Celina. Akainuka Mzee Muhidini, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu mwembamba sana. Alieleza kwamba yeye na Kamugisha walifunga omukago wakiwa vijana, kabla mmoja hajabatizwa na mwingine hajasilimu. Walitafuna punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja punje yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa ndugu, na mke wa mmoja ni shemeji wa mwingine.

“Panda, shemeji,” alisema. “Kamugisha alikunenepesha, nami leo ni siku ya ishirini nafunga. Tukichanganywa tutakuwa watu wawili wa kawaida.”

Mama Celina alimjibu kwamba ashike nguzo, asije akapeperuka kabla ya ndege. Mizani ikasoma kilo mia moja arobaini na sita. Nusu yake sabini na tatu.

Mkaguzi alikataa. Alisema mjane Mkatoliki na fundi Mwislamu si familia, na kwamba mtumishi atakayeandika uongo daftarini ataondoka kazini siku hiyo hiyo. Ndugu Kagaruki alikuwa na watoto saba shuleni. Alichovya kalamu katika wino.

“Kanuni imeandika familia, Bwana Mkaguzi, haikuandika dini. Hawa walitafuna tunda moja, na mimi siwezi kuwatenganisha.”

Akaandika: familia moja. Injini zikawashwa, na asubuhi iliyofuata Mama Celina akasikia nadhiri za bintiye akiwa kwenye benchi la mbele.

Habari ilienea hadi Muleba kabla ya Jumapili. Tangu hapo kila abiria mnene alikuja na ndugu mwembamba: wa ukoo, wa ndoa, wa ubatizo, wa omukago. Ndugu Kagaruki alidai mashahidi wawili kwa kila udugu, nasi tuliokagua daftari lile mstari kwa mstari hatukuona hata mmoja wa kubuni. Tangu Ijumaa ile hadi mwisho wa mwaka, Bukoba haikupeleka makao makuu hata shilingi moja ya uzito. Januari utaratibu ukafutwa. Barua ya kuufuta ilimkaripia Ndugu Kagaruki kwa kuipanua familia kupita kiasi, lakini ilimwacha kazini. Ameitia katika fremu ya kioo, na imetundikwa sebuleni kwake chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Ndugu Kagaruki, uwanja mzima unakushukuru. Umetuonyesha kwamba mtu aweza kuitii kanuni bila kumdhalilisha jirani. Rudi Buganguzi kwa amani, wewe na mkeo Georgina. Mungu awajalie afya, kahawa isiyokosa mvua, na uzee usio na haraka.