Miaka Thelathini na Mmoja Ndani ya Fulana ya Merino

Tarehe 28 Juni, Bwana Euan Dalziel anastaafu baada ya kuvaa nguo kwa niaba ya kiwanda chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Cheo chake ni Mvaaji Mkuu. Mvaaji mdogo hajawahi kuajiriwa.

Wageni wanaofika hapa Otago hudhani tunawatania. Kila aina ya fulana tuliyofuma kwa merino, sufu laini ya kondoo, ilikaa kwanza mwilini mwa Euan wiki nzima bila kufuliwa. Alilala nayo, alipasua nayo kuni, alipanda nayo milimani kuwasaidia majirani kuteremsha kondoo kabla ya theluji. Kila siku kwenye chai ya saa nne aliinua mkono, na mmoja wetu, kwa zamu, akasogeza pua. Mwenye mafua alisamehewa, na hakuna kiwanda kilichowahi kuwa na mafua mengi kama chetu.

Mimi wa ufumaji nimelinusa kwapa hilo miaka kumi na tisa, na naweza kusema mbele ya yeyote kwamba halikuwa na la kusema. Merino hunyonya jasho na kuliachia hewani kabla halijachacha. Haiwashi ngozi, wakati wa joto haichomi, na hata ikilowa bado inatunza joto. Hili la mwisho Euan alilithibitisha bila kutumwa, alipotumbukia mtoni akimkimbiza kondoo jike. Taarifa yake ilikuwa fupi: "Mikono imeganda, miguu imeganda, fulana iko sawa." Kondoo, ambaye alivaa sufu hiyohiyo, alikuwa ameshavuka.

Kisha akaja mmiliki mpya, Bwana Hislop, na uzi wa mchanganyiko: nusu merino, nusu plastiki, unaoletwa kwa meli ukiwa umeshasokotwa. Fulana yake ikipita kwa Euan, chumba chetu cha kusokota kingefungwa. Humo walifanya kazi wanawake saba, mmoja wao Noeline, mke wa Euan. Mji wetu hauna kiwanda kingine.

Des, fundi wa mashine, alimletea Euan vitunguu swaumu vya kuchoma, bakuli zima. "Kula, mzee wangu, halafu nenda kapasue kuni za mtaa mzima. Fulana inuke mpaka mbwa wako ahame!"

Euan alilisukuma bakuli. "Nikiiharibu hii makusudi, zile zote mlizonusa mtaziamini vipi?"

"Mkeo atakosa kazi, we kichwa ngumu!"

"Najua mke wangu anafanya kazi wapi, Des."

Chumba cha kusokota kilimnunia. Mikate ya jibini ya saa nne ikawa inaishia kabla ya kufika kwake. Walipomtaka Noeline amshawishi, alisema, "Mtu mwenyewe mnamjua. Ila hilo dude likipita, atajipikia."

Euan alikula kama kawaida, akalala na fulana ile kama kawaida. Siku ya tatu Bwana Hislop, ili haki itendeke, alichukua zamu yeye mwenyewe. Aliinama. Akainuka. Akaitazama milima dirishani kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Rudia, bosi," Euan alimwambia, "usije ukasema umeonewa."

"Nimesikia, ndugu yangu. Nimesikia mpaka kwenye meno."

Uzi ule ulirudishwa ulikotoka. Bwana Hislop, tumshukuru kwa hilo, hakuuzungumzia tena.

Wiki hii, nikikusanya maneno ya kuandika hapa, nilimuuliza Euan aliwezaje kutulia siku zile, au alikuwa ameshainusa ile fulana mwenyewe. Akaniambia hana pua. Homa ya utotoni ilimwondolea uwezo wote wa kunusa; maishani hajawahi kujua kwapa lake linasema nini. "Nilikuwa nawategemea nyie," alisema, kana kwamba ananieleza njia ya kwenda posta.

Basi siku zile alitembea na riziki ya mkewe kifuani bila kujua inakwendaje. Noeline aliinusa fulana usiku wa kwanza na akataka kumwambia. Euan akahamia kitanda cha wageni, asije akausoma uso wake. Noeline anasema alilia, kisha akampelekea blanketi la pili.

Euan, tunakupenda, na tulipokununia tulikukosea. Tunakushukuru kwa kila fulana. Tunakutakia wewe na Noeline afya, kuni kavu na maisha mema. Wanawake wa chumba cha kusokota wameomba mashine zisizimwe wakati wa kukuaga, na Bwana Hislop amekubali. Pua huna, lakini masikio unayo: utatoka mlangoni ukizisikia zikifanya kazi.