Nyumba Mbili za Bibi Sittou binti Boinali

Marehemu Bibi Sittou binti Boinali alizaliwa Mahajanga tarehe 9 Mei 1932. Alihitimu Kurani chuoni. Shule ya Kifaransa hakupelekwa, mama yake alisema, "Binti ana nyumba Marodoka, karatasi za nini?" Siku zile alisema kweli. Kwetu Wangazija nyumba ilikuwa ya mwanamke, ikitoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume alihamia kwa mkewe. Watu walikuwa watu, neno lao lilitosha.

Mwaka 1951 aliolewa na Bwana Msa, fundi seremala, mbele ya msikiti mzima. Ofisi ya serikali hawakwenda. Walijaliwa binti mmoja, Zaïtoun. Machafuko ya Desemba 1976 dhidi ya Wangazija yalipowatoa Mahajanga, walikimbilia Nosy Be, kwenye nyumba ile ya Marodoka. Huko marehemu alishona nguo za maharusi, na hakumkabidhi bibi harusi gauni bila kumwuliza, "Na nyumba umepewa?"

Mwaka 1979 kiwanja kilipoandikishwa, alikwenda Msa, kwa kuwa ndiye aliyejua Kifaransa. Kikaandikwa kwa jina la Msa. Hakukusudia ubaya, lakini aliufanya.

Msa alifariki 1984. Matanga hayajaondolewa, mtoto wa nduguye, Djaanfar, ambaye leo amekaa mbele kabisa hapa msibani, alifika na kamba ya kupimia.

"Mama mkubwa, nyumba ni ya baba mkubwa."

"Baba yako mkubwa aliingia hapa na sanduku la randa. Liko uvunguni. Beba."

Wanawake walicheka. Hakimu hakucheka: ndoa haikuwa na cheti, basi kwake hapakuwa na mjane wala binti. Wazee wa Marodoka, waliojua yote, siku ya kesi kila mmoja alikuwa na udhuru. Djaanfar akaiuza, leo watalii wanalala katika chumba alimozaliwa Bahia, mwana wa pili wa Zaïtoun.

Marehemu alirudi Mahajanga, akashona miaka mingi, akajenga nyumba huko Belobaka. Kabla ya kupaua alikwenda ofisini na Zaïtoun, akampa kiwanja na nyumba kwa hiba, kwa maandishi na mashahidi.

Mwaka 2006 figo zilimlaza. Djaanfar alikuja kumjulia hali, na machungwa.

"Mama mkubwa, na hii itakuwaje?"

"Mimi mgeni hapa. Mwenye nyumba yuko jikoni. Kamwombe ruhusa ya kukaa."

Alifariki tarehe 3 Agosti 2007. Hakuacha cha kugawanywa.

Ameacha binti, Zaïtoun. Wajukuu, Roukia na Bahia. Na kaka, Fazul, anayesoma wasifu huu. Wengine hawakutajwa, kwa agizo lake.

Mola ampe makao ambayo hakuna wa kumtoa.