Poda ya Yaya Consolée

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka Wamaza, Nyangwe na hapa Kasongo, familia inawashukuru kwa kufika. Mimi Marcellin, mdogo wake wa mwisho, nimepewa kazi ya kuwaeleza alivyoishi dada yetu mkubwa, Muzaliwa Consolée, ambaye wengi wenu mlimwita Yaya, yaani mkubwa, hata ninyi mliomzidi umri.

Alizaliwa Wamaza, katika teritware ya Kabambare, tarehe 14 Machi 1978. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Baba Musafiri, mkulima, na marehemu Mama Anastasie. Tulizaliwa watatu: yeye, Mado, kisha mimi.

Shule ya msingi alisomea Wamaza, akaimaliza mwaka 1990. Sekondari aliianza hapa Kasongo, na kwa hesabu hakuna mvulana aliyempita. Mwaka 1994 mama yetu alifariki. Baba alikuwa na ugonjwa wa mgongo, mimi nilikuwa na miaka tisa. Consolée alifunga madaftari yake ndani ya kitenge, akarudi nyumbani bila kuitwa. Baba alipomuuliza, alijibu, "Mie nilisha kusoma ya kunitosha. Marcellin ndiye atamaliza." Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakuwa amesoma ya kumtosha.

Kazi yake ikawa mawese. Aliyakamua mwenyewe, akayatia kwenye bidoni nne, madumu makubwa, akazifunga kwenye baiskeli, kinga tunavyoiita, akaisukuma kutoka Wamaza hadi Kasongo, siku tatu kwa miguu. Wanaume walimcheka njiani, eti hiyo si kazi ya mwanamke. Aliwaambia waje basi wamsaidie kupandisha mlima. Vita vilipofunga njia, alingojea. Njia ilipofunguka, alisukuma tena. Ndivyo nilivyosoma.

Hapa nitasema jambo ambalo nimelibeba miaka ishirini. Mwezi wa Juni 2005, asubuhi ya mtihani wa Serikali, Yaya alifika na mzigo wake, akaona shati langu jeupe limekunjamana, akalipiga pasi. Aliacha alama ya kidole cha mawese kwenye kola. Nilimgombeza mbele ya wenzangu: "Yaya, ona! Unanipatisha haya!" Alijipangusa mikono kwenye kitenge.

Mwezi uliofuata redio ilisoma jina langu kati ya waliofaulu. Mnajua desturi yetu: aliyepata diploma humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe. Nilichukua kopo nimmwagie na yeye. Alirudi nyuma. "Apana, mie niko na mafuta kwa mikono, nitakuchafua tena. Poda iko ya mwenye kuandika." Katika picha ya siku ile sote ni weupe tunacheka. Yeye hayumo. Alisimama nyuma ya mpiga picha, ameshika kopo.

Tarehe 18 Agosti 2007 aliolewa na shemeji yetu Pierre, fundi wa mitumbwi wa Nyangwe. Pierre anasema walijuana bidoni ilipoanguka naye akakimbilia kuiinua, na neno la kwanza aliloambiwa ni kwamba anainua vibaya. Mungu aliwapa watoto watatu, na wote watatu wako shuleni. Kwa hilo Yaya hakukubali mjadala.

Ugonjwa wa tansio, yaani presha ya damu, ulimwanza mwaka 2023. Mimi ni muuguzi, nilimpima mwenyewe. Kila nilipomfunga mkono alilalamika, "Kumbe nilisukuma kinga ili uje unibane mukono!" Mwezi uliopita nilijikaza nikaanza, "Yaya, ile siku ya shati..." Nilidhani amesahau. Aliniuliza, "Ile alama ilitoka?" Nikamwambia haikutoka. Alicheka mpaka akakohoa. Nilipotaka kusema asante, alinikatiza: "Asante iko ya wageni. Pima tansio."

Alituacha hapa Kasongo Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, watu wakiwa misani. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Anamwacha mume, Pierre. Watoto, Serge, Sonia na Deborah. Wadogo zake, Mado na mimi. Na wanawake wengi wa Wamaza ambao leo wanasukuma baiskeli zao bila kuchekwa na mtu.

Kabla ya udongo, tumemwomba katekista jambo moja, naye amekubali. Kopo la poda liko mikononi mwa Deborah. Nitaanza mimi kummwagia, nikiwa na shati hili hili lenye alama ya kidole chake, kisha watoto, kisha yeyote kati yenu aliyewahi kusukumwa mbele na mikono yake.

Asante, Yaya, ingawa si mgeni. Mungu akupumzishe miguu na mikono. Mafuta yamekauka, na leo huwezi kurudi nyuma.