Picha Aliyoiona Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, ukoo umenipa mimi, mdogo wake marehemu na daktari wa macho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, nami ndiye niliyestahili kuikataa.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati yetu wawili, akasoma shule ya msingi hadi 1981, kisha sekondari, na mwaka 1988 akahitimu uuguzi. Tarehe 12 Desemba 1992 aliolewa na fundi umeme, shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili. Kazini walimwita Dada Subiri, maana aliwahi kumrudisha daktari bingwa mlangoni akanawe mikono upya, na bingwa akaenda bila kunung'unika.

Mwaka 2014 alifundishwa kuendesha mashine inayopiga picha za matabaka ya jicho huku upasuaji ukiendelea. Tarehe 9 Juni 2016, chumba namba mbili, nikiwa nabandua utando juu ya retina, nyuma kabisa ya jicho la fundi viatu mmoja, alitazama skrini akaniambia, "Daktari, simama, unaivuta na retina yenyewe." Nikamjibu mbele ya wauguzi, "Wewe endesha mashine, jicho niachie mimi." Nikavuta, ikachanika, na jicho lile halikuona tena.

Kwenye ripoti niliandika kwamba picha haikuwa wazi kwa kosa la mwendeshaji, wakamhamishia masjala, akapanga mafaili karibu miaka saba. Nilipomwendea kujikosha, aliniambia, "Mdogo wangu, picha ipo. Sema mwenyewe, mimi sitakusemea."

Sikusema. Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, nikakaa kando ya kitanda chake wiki tatu nikizungumzia dripu na mito, hadi alipofariki, Jumatano tarehe 15 Februari, saa nne asubuhi.

Jana nilipeleka picha ile na barua yangu kwa mganga mkuu, na leo, kabla ya ibada hii, nimemweleza fundi viatu, aliyekuja kumzika dada, akanisikiliza, akainuka, akahamia benchi la mwisho, na haki ni yake.

Tunawashukuru madaktari waliomuuguza, majirani, na wenzake wa masjala, waliomheshimu kuliko sisi wa chumba cha upasuaji. Shemeji, uliyenikaribisha mezani miaka yote hii, sijui ulijua au hukujua, nisamehe.

Pumzika, dada, kwa amani ambayo mimi nilikunyima.