Mwalimu Gadiel na Ngwe za Boma la Saning'o

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Gadiel, mzaliwa wa Vudee milimani, anastaafu na kurudi kwao baada ya kufundisha Historia kwa miaka thelathini na mitatu, ishirini na sita kati ya hiyo hapa shuleni kwetu, Same. Ofisi ya walimu imeagizwa kuhuzunika. Wengi tumeanza kutekeleza agizo hilo, isipokuwa Mwalimu Priska wa taaluma, ambaye ameomba kwanza aletewe alama za Kidato cha Tatu. Gadiel amekuwa akizimalizia tangu Pasaka.

Alianza kazi Mwanga, kisha akahamishiwa kwetu pamoja na pikipiki ambayo haijawahi kuwaka ila kwa kusukumwa mteremkoni. Uwanja wetu ni tambarare kama meza. Mteremko pekee uko nyuma ya vyoo, na huko ndiko alikoiegesha miaka yote. Mgeni aliyemuulizia mwalimu wa Historia alielekezwa vyooni, na hakuna aliyeona ajabu.

Vikaoni hajapata kukubaliana na wengi. Tulipoamua kwamba Ijumaa walimu wapikiwe pilau badala ya makande, alipinga peke yake, akatoa sababu kwa nusu saa, kisha akala sahani mbili. Alipinga rangi ya fulana za michezo. Mwaka mmoja alitoa hoja, ikaungwa mkono na kila mtu, naye akaiondoa, akidai kwamba hoja isiyo na mpinzani haijasikilizwa. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Asteria, anakiri kwamba aliifuta ajenda ya mengineyo kwa sababu ya mtu huyu mmoja.

Ubishi huo ulitoka katika somo lake. Kila mwaka alipofika kwenye mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, aliingia darasani na futi ya kupimia nguo, mali ya mkewe ambaye ni fundi cherehani, akawapima wanafunzi pua. Wenye pua ndefu walipewa kadi nyeupe, waliobaki kadi za kahawia. Alieleza kwamba Wabelgiji nao waliwaandikisha watu na kumpa kila mmoja kitambulisho chenye jina la kundi lake, na jambo ambalo zamani liliweza kubadilika kwa ng'ombe au kwa ndoa likagandishwa kwenye karatasi hadi kwa wajukuu. Kabla kipindi hakijakwisha, wenye kadi nyeupe walikuwa wamekwisha kudai madawati ya mbele, ingawa hakuna aliyewaahidi. Mkuu wa shule wa wakati huo aliingia siku moja kukagua, akapimwa, akapewa kadi ya kahawia. Aliomba apimwe tena. Hatujasahau.

Lakini sehemu aliyoikazia zaidi ilikuwa ile ya kwamba mauaji yale yaliitwa kazi. Watu waliitwa kama walivyozoea kuitwa kwenye kazi za umma, na viongozi wale wale, wakaenda pamoja, na aliyebaki nyumbani aliulizwa kwa nini. Hapo aliwakumbusha wanafunzi msaragambo, kazi ya pamoja ya sisi Wapare: pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unachimbwa. Ni desturi njema, alisema, na wakoloni waliiona njema vilevile, wakaitumia kujichimbia barabara. Wanafunzi waliandika, wakafaulu, wakasahau. Mwalimu naye alisahau, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa ruhusa yake.

Katika ukame wa mwaka 2022, ng'ombe wa Saning'o waliingia katika mahindi ya Mzee Melkizedeki, wakayamaliza. Saning'o ni mfugaji anayeishi na mama yake, mkewe Nashipae na watoto pembezoni mwa kijiji anamoishi Gadiel. Binti yake, Resian, alikuwa mwanafunzi wetu. Melkizedeki, kwa bahati mbaya, ndiye mpiga pembe wa kijiji.

Jumamosi asubuhi pembe ililia. Watu wakatoka na majembe. Gadiel, bingwa wa kupinga wengi, alitoka nao, jembe begani na kipande cha muwa mdomoni. Alitembea mwendo mrefu akipiga soga za mpira kabla ya kuuliza wanakwenda kuchimba nini. Jirani yake Elinaza alijibu kwamba pembe imelia. Stefani mwenye duka alisema yeye anaona tu watu wote wanakwenda. Jibu lilipatikana mbele kabisa ya msafara: boma la Saning'o linabomolewa, na watu wake warudi kwao. Kwao ni wapi, hakuna aliyejua. Saning'o alizaliwa pale pale.

Angeweza kutoa mhadhara. Kwa rehema za Mungu hakutoa, maana tunaijua mihadhara yake. Boma lingebomolewa na kujengwa upya kabla hajafika kwenye hitimisho. Walipofika, Nashipae alitoka nje, akaona majembe, akawaamkia wazee kama siku zote. Melkizedeki, ambaye mama yake alimlea vizuri, alijibu marahaba kabla hajajizuia. Hasira yake ikaharibika kidogo.

Ndipo Gadiel alipokumbuka kanuni ya msaragambo. Hainuki mtu na jembe kabla ngwe hazijapimwa, na kila mmoja akaonyeshwa sehemu yake na kutajwa jina mbele ya wenzake. Akatema muwa, akavunja kijiti, akasimama mbele ya boma.

"Tugawane ngwe," alisema. "Mzee Melkizedeki, ngwe yako ni mlango. Stefani, wewe ni kitanda cha watoto. Elinaza, utamtoa bibi nje, hawezi kutembea, itabidi umbebe. Na ngwe yangu mimi ni Jumatatu darasani, kumweleza Resian nani alibomoa nini."

Elinaza aliomba kubadilishana na mtu. Hakupatikana wa kubadilishana naye. Stefani alikumbuka kwamba hakufunga duka. Melkizedeki alilalamika kwamba kazi ni ya wote, kwa nini mlango apewe yeye?

"Mlango utavunjwa na mtu mmoja, mzee. Kama si wewe, mtaje."

Melkizedeki aliupa mlango kisogo. Na kwa kuwa ni aibu kurudi nyumbani na jembe safi, wakateremka mferejini wakazoa tope hadi mchana, Saning'o akiwa miongoni mwao, akichimba vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika jembe. Baadaye, mbele ya wazee, alilipa mahindi kwa mtamba mmoja. Melkizedeki humsifia mtamba huyo kana kwamba alimzaa mwenyewe.

Tangu mwaka ule Gadiel amebadilisha mwanzo wa somo. Haanzi na Wabelgiji. Anaanza na jembe lake begani, na huwaambia wanafunzi kwamba muwa ule ulikuwa mtamu sana.

Rasimu ya makala haya ilifungwa kwa shukrani zetu sote na kwa "tunakutakia". Gadiel aliisoma, akauliza hao sisi ni akina nani. Nimelazimika kugawa ngwe.

Mwalimu Asteria anakushukuru kwa kila kikao ulichokirefusha, na anakutakia wenzi wa mjadala huko uendako. Mwalimu Priska anakutakia afya, na alama. Mzee Melkizedeki anakutakia mvua za Vudee. Resian, ambaye sasa anasomea ualimu wa Historia, anasema kwamba mlango ni ule ule na wewe huna haja ya kubisha hodi. Stefani aliomba aandikiwe walichosema wenzake. Ngwe yake nimeiacha wazi mpaka atakapofika mwenyewe.

Nami, Eliufoo, mhariri wa jarida hili, ninakushukuru, Gadiel, na ninakutakia maisha mema penye mteremko wa kutosha. Ngwe yangu nimeimaliza.