Mbao ya Mbweha Isiachwe Uchi

Sogeeni huku, wanangu, na wewe Yasir weka simu chini, maana haya sina pumzi ya kuyasema mara mbili. Na miye baba yenu, Abdulsamad, niliyewamba ngozi za manyoya hapa Guangzhou mpaka Wachina wenyewe wakapanga foleni kutoka soko la ngozi la Shiling hadi stesheni kuja kuniangalia mikono tu, sijapata kumwomba mtu anisikilize.

Nyumba ya Michenzani ni ya binti yangu Muzdalifa, karakana ni ya Yasir, hayo mnayajua, msigombane. Langu leo ni zile mbao za kuwambia ngozi.

Hazitaki ujuba. Ngozi ikishakauka ikatoka, ng'oeni misumari yote, na iwe ya shaba, kwani ya chuma huota kutu na kutu hula manyoya. Mafuta yakwangueni kwa kisu butu, mmwage vumbi kavu la mbao linywe yaliyobaki, kisha msasa, kufuata nyuzi za mti, mpaka ukipitisha hariri isikwame, mmalizie nta. Maji, hasha. Jua, hasha. Mkiona unga mwembamba chini ya mbao, kuna mdudu ndani, itengeni na wenzake siku hiyohiyo. Ngozi ivute ili maji, walisema wakubwa, lakini mbao iombee ukavu.

Na ule msimu wa kuta kutoka jasho, baridi ikiondoka na upepo wa kusini ukileta unyevu mpaka sakafu inateleza kama samaki, kila mbao ivisheni. Hata kazi hamna, ivisheni ngozi kuukuu ya sungura. Hilo kaniachia Laoban Liang, bosi wangu aliyenirithisha karakana, mtu asiyecheka hata nilipomhadithia nilivyomkamata chui mkia kule Jozani. Nilimwuliza, "Laoban, kwani mbao inaona baridi?" Akanifungulia kiganja. Pembeni kote matundu madogo, yamepangana kama ya misumari, makavu, hayana damu. Akasema, "Mbao ikinywa maji ikavimba, inataka ngozi. Usipoipa, inajitafutia."

Mwaka huu nilipokwenda Unguja kumzika shangazi yenu, Yasir ukaziosha. Maji ya moto na sabuni, kama sahani za pilau, ukaziegemeza ukutani uchi, na msimu ndio huohuo. Nilipokupigia kelele ukanicheka: "Baba, hizo mbao, siyo wakwe zako!" Wallahi sikukulaumu, ulitaka nikute pasafi.

Lakini ile kubwa, ya kuwambia mbweha, ilikuwa imeota vinyweleo. Si vya mbweha. Laini, vyeusi, vya mtu, kama hivyo vya nyuma ya mkono wako. Nikavinyoa kwa wembe, mchana kweupe, Muzdalifa yuko jikoni anaimba. Nageuka kufuta wembe, vimerudi. Miye, niliyemtimua jini Pemba kwa kofi moja, nikatoka kinyumenyume.

Wiki ileile Yasir ukashindwa kuinama, ngozi ya mgongo imekukaza kama iliyowambwa. Ukawa unasali juu ya kiti, dada yako anakuita Mzee Yasir, anakuuliza bakora umeiacha wapi. Nilipokukanda kwa mafuta ya karafuu nikayaona matundu, bega hadi bega, yamepangana. Wewe hukuyahisi, nami nikakushushia shati. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wenyewe ulikuwa wako.

Ijumaa, mlipokwenda msikitini, nikavua shati, nikailalia ile mbao, nikaiambia: ngozi ya mtoto ni ndogo, haikutoshi, chukua hii yangu, haina mfano Afrika wala Asia. Ilikuwa vuguvugu. Ikapokea. Yasir uliporudi ulipanda ngazi unaruka, mkasema tangawizi ya Muzdalifa imefanya kazi, nami nikaisifu mpaka kwa majirani.

Basi msinirudishe hospitali. Wamepima, wamepiga picha, wanasema mei you, hakuna kitu. Na ninyi mnaona ngozi inavyovutwa, midomo haifungiki tena, wageni wanadhani natabasamu.

Sasa shikeni. Nikifa ikabaki haina mtu, itamrudia aliyeiacha uchi. Msiichome, moshi wake mtauvuta. Msiiuze, itamvaa mtoto wa mwenzenu. Mkifika kufunika mwanandani wa kaburi langu kwa mbao, hiyo iwe ya kwanza, upande laini unielekee miye. Sheikh akiuliza, mwambieni marehemu alipenda mbao nzuri, na huo si uongo. Muzdalifa, uhakikishe imetoka nyumbani pamoja na jeneza, maana ndugu yako atalia, atasahau.

Nimewaridhia... wote wawili, radhi ya baba isiyo na doa. Mola awape riziki, awape watoto wakaidi kama ninyi, muone... muone raha yake. Muzdalifa, ninyanyulie mkono, wenyewe hauji. Taratibu, mama, ngozi imekaza. Yasir, njoo nikuwekee kichwani. Inama. Inama zaidi, mwanangu... mpaka chini...

Ahaa. Umeinama.