Mpiga Simu wa Siku ya Uteuzi

Baba Paroko, wifi yangu Verna, watoto wa marehemu, Darcy na Lesia, viongozi wa zamani na wa sasa wa klabu ya mpira ya Wasagaji, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya vinu vya ngano vya mji wetu, majirani na ninyi nyote mliofika, mimi ni Marusia, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kwa kuwa nilifundisha shule miaka mingi na inaaminika kwamba mwalimu hawezi kulia akiwa amesimama mbele ya watu. Kabla sijaanza niseme neno moja, maana nimesikia mnong'ono tangu jeneza lifunguliwe: ni kweli, marehemu amevalishwa koti zito la baridi, limefungwa vifungo hadi shingoni, na leo ni tarehe 7 Mei, na vijana wamekuja na mashati ya mikono mifupi. Hajakosea mtu. Bwana wa nyumba ya mazishi alitueleza kwa upole kwamba taratibu zao zinataja suti, sare na vazi la kidini, na koti halimo, nasi tukamwomba kwa upole uleule atuonyeshe mahali linapokatazwa, akapekua, hakupaona. Sababu ya koti itafika mahali pake.

Marehemu Orest Pawluk alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, shambani kwetu karibu na Wakaw, jimbo la Saskatchewan, mtoto wa kwanza wa mzee Petro na mama Anna, katika theluji iliyomfanya mkunga alale kwetu mpaka akachoka na mapishi ya bibi. Alisoma shule ya kijijini, kisha sekondari mjini Wakaw, na mwaka 1959 akaingia chuo kikuu kusomea kilimo, ambako alicheza mpira wetu wa huku, huu wa umbo la yai na kofia ngumu, akiwa mkabaji wa mstari wa mbele, si mwepesi lakini mgumu kusogezwa, sifa ambayo Verna atawathibitishia kwamba ilidumu.

Wengi mnaijua Siku ya Uteuzi, ila kwa ajili ya wajukuu nieleze: kila mwaka Ligi hukusanya majina ya wachezaji wanaomaliza vyuo vikuu, na klabu huwachagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia, na kijana mwenyewe hana kauli, ni kama posa za zamani, anakaa nyumbani na shati safi akisubiri kuambiwa ametolewa kwa nani. Mwaka 1963 Orest alikaa jikoni kwetu kando ya simu tangu asubuhi, na mama akawasihi majirani wasiitumie laini, kwa kuwa ilikuwa laini moja kwa mashamba yote ya barabara yetu. Wakatii, hawakuitumia, ila kila mmoja aliinua mkonga wake asikilize, na ndiyo maana tarafa nzima ilijua kwa pamoja kwamba hakuna aliyepiga. Jioni baba akamwambia, "Haya, mteule, ng'ombe hawajakamuliwa," naye akavua shati akaenda, na hakulizungumza tena, lakini niliuona uso wake aliporudi kutoka zizini, akaipita simu, akageuka, akaitazama mara ya pili.

Aliuza matrekta kwa muda, kwa huzuni, kisha tarehe 12 Oktoba 1968 akafunga ndoa na Verna Dyck wa Rosthern, katika kanisa hili hili, wazee wa kwao, ambao ni Waprotestanti, wakiwa upande ule wameshangaa uvumba wetu, wazee wetu upande huu wameshangaa kwamba hawanywi pombe, na Mungu akawajalia Darcy na Lesia. Tarehe 1 Juni 1970 akaajiriwa na Wasagaji wa Saskatoon, katika ofisi, na huko ndiko alikopata kazi ambayo kwayo tunamkumbuka. Siku ya Uteuzi wakati ule klabu zote ziliunganishwa kwa simu moja na ofisi ya Ligi, na kabla jina halijasomwa, kanuni ilitaka klabu impigie kijana kwa simu nyingine na kumwuliza maswali matatu: una afya, una mkataba na mtu mwingine, ukiitwa utakuja. Mpigaji alikuwa Orest. Baada ya maswali hayo aliongeza neno lake mwenyewe, ambalo Ligi haikuliidhinisha, akisema, "Nafasi yako tutakuwekea," kwa sababu, alivyomweleza Verna, hilo ndilo neno alilolisubiri jikoni.

Jumamosi tarehe 3 Machi 1979, zamu ilipowafikia Wasagaji mara ya saba, walimtaka mkimbiaji aitwaye Lauchlin Beaton, au Lauchie, mwenyeji wa Cape Breton huko pwani ya mashariki, ambaye skauti wetu, yaani mtafuta vipaji wa klabu, alimwona mwezi Oktoba akayapenda mabega yake. Fomu ya Ligi ilikuwa kamili, imetaja urefu, uzito, uraia na hali ya magoti yote mawili, wala haikuwa na mahali pa kuuliza kama mtu yu hai. Orest akapiga nyumbani kwa kina Beaton, na meneja wetu wa wakati ule, Glen Tollefson, akashika mkonga wa pili, na simu ikapokelewa mara moja, kama vile mtu alikuwa ameketi kando yake.

"Lauchie Beaton?" "Ndiye." "Una afya, kijana?" "Niko sawa. Ila kuna baridi huku, bwana." "Baridi! Njoo Saskatoon, ndipo utaijua baridi!" Kijana akacheka, meneja naye akacheka. "Una mkataba na mtu mwingine?" "Hakuna anayenitaka." "Sisi tunakutaka. Ukiitwa utakuja?" Hapo, Orest alisema, ilisikika sauti ya maji, si ya bomba, ya maji yanayogonga barafu kwa chini. "Nitakuja," kijana akasema, "ila sijui nitachukua muda gani. Mniwekee nafasi." "Nafasi yako tutakuwekea," Orest akajibu, na jina likasomwa, na Ligi ikaliandika.

Baada ya chakula cha mchana mwandishi wa gazeti alimpigia kocha wa chuo alichochezea kijana ili apate sifa zake. Kocha akauliza, "Huu ni mzaha wa namna gani?" kwa kuwa Lauchie Beaton alivunjikiwa na barafu ya ziwa tarehe 17 Desemba 1978, akafa maji, akazikwa kabla ya Krismasi, na kocha mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Meneja Tollefson, ambaye amekwisha kutangulia na tunamtaja kwa heshima, alimwita Orest. "Uliongea na nani wewe?" "Glen, ulikuwa na mkonga mwingine." "Mimi? Nilikuwa nakohoa." "Ulicheka." "Nilikohoa kwa kucheka!" Na mazungumzo yao juu ya jambo hilo yakaishia hapo, kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja.

Ligi, kwa upande wake, haikushtuka, ilifungua kitabu cha kanuni. Jina lililosomwa Siku ya Uteuzi haliondolewi ila kwa njia tatu, mchezaji auzwe kwa klabu nyingine, au astaafu kwa saini yake mwenyewe, au klabu imwachilie, na kwa kuwa njia ya kwanza ilikosa mnunuzi na ya pili ilikosa mkono, ilibaki ya tatu, na mwezi Aprili Orest akatumwa Cape Breton na barua ya kumwachilia, ambayo familia ilitakiwa kuitia saini, pamoja na maua na radhi za klabu, akamwone mama wa kijana.

Mama Effie Beaton alimkaribisha chai na mikate ya shayiri, akamwonyesha ukuta wa jikoni penye matundu manne ya skrubu, akasema, "Simu ilikuwa hapo. Niliwaambia waje waing'oe mwezi wa kwanza, nilichoka na pole za watu. Sasa niambie, mwanangu, alisema nini?" Orest akamweleza neno kwa neno, kama ninavyowaeleza ninyi, naye alipofika kwenye baridi yule mama akaweka kikombe chini. "Alisema kuna baridi?" "Alisema, mama." "Alilivua koti pale ufukweni ili awe mwepesi akamtoe mbwa majini. Mbwa alitoka. Tulimzika na suti ya marehemu baba yake, nyembamba kama karatasi. Koti ni lile mlangoni." Kisha akauliza, "Na wewe ulimjibu nini?" Orest akasema, "Nilimwambia nafasi yake tutamwekea." Mama akamsukumia ile barua ng'ambo ya meza bila kuifungua, akamwambia, "Basi mwekee. Wewe si mtu wa kusema tu, au ni mtu wa kusema tu?"

Huyu kaka yangu, aliyekuwa anajua kusubiri simu ni nini, alirudi Saskatoon na barua bila saini na koti mkononi, akalitundika kwenye kabati la mwisho katika chumba cha kubadilishia nguo, chini ya kibao BEATON, na tangu siku hiyo kazi yake ya kweli ikawa kuhakikisha kwamba nafasi ile haichukuliwi. Wachezaji wa zamani mlio hapa mnajua ninachokuja kukisema, na naona mmeinamisha vichwa. Asubuhi ya kufungua kambi ya mazoezi, kila mwaka, katika chumba ambacho hita zilikuwa bado hazijawashwa na pumzi zinaonekana, koti lile lilikuwa na joto, ule uvuguvugu wa koti ambalo mtu amelivua sasa hivi akatoka kidogo. Mchana lilikuwa limepoa kama makoti mengine. Wageni waliambiwa waliguse, wakaligusa, wakaenda kufanya mazoezi bila utani.

Kila mwaka Ligi ilituma barua, "Beaton, L., hali yake?" na kila mwaka Orest alijibu, "Hajaripoti." Ilipotaka cheti cha daktari, alijibu kwamba mchezaji hana malalamiko. Ilipouliza kwa nini hajaonekana uwanjani tangu ateuliwe, alijibu kwamba yuko njiani kutoka mashariki. Mwaka 2004 Ligi ikampa Lauchie Beaton beji ya utumishi mrefu, akiwa mchezaji aliyekaa na klabu moja kuliko wote katika historia, pamoja na pongezi kwa nidhamu yake isiyo na doa, na Orest akaibandika kwenye kola ya koti. Mkurugenzi mmoja mpya, kijana msomi ambaye sitamtaja maana amekaa mstari wa tatu, aliamua nafasi hiyo ifutwe kwa sababu za ufanisi, na Orest hakubishana naye, alimwomba tu akalitoe koti yeye mwenyewe, asubuhi ya kambi. Akaingia, akatoka, akasema, "Liacheni hapo hapo," na mkono wake aliuweka mfukoni siku nzima.

Hata alipostaafu mwaka 2006, Orest aliendelea kwenda siku ya kambi, akishika koti kwa kiganja, akirudi nyumbani kumwandikia mama Beaton kadi ya mstari mmoja, "Nafasi yake ipo," mpaka mama huyo alipofariki mwaka 2011, na hata baada ya hapo aliandika, akaiweka dirishani. Verna alimwuliza siku moja, "Mzee, unamsubiri kijana wa watu, au unasubiri simu yako?" Akajibu, "Mke wangu, mimi simu yangu ilikwisha nipita." Na hilo, mtaniwia radhi, ndilo jambo pekee lililowahi kumwuma.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Septemba 2017, akatibiwa na kuruhusiwa, akarudishwa hospitali Februari mwaka huu, na tangu Aprili alilazwa kwenye chumba cha peke yake, chenye dirisha kubwa, ambacho hakikuwa na simu, kwa maana wagonjwa siku hizi wana za mifukoni, ila ukutani juu ya kitanda palibaki matundu manne ya skrubu. Mimi niliyaona, nikayahesabu. Alhamisi tarehe 2 Mei 2019, ambayo ilikuwa Siku ya Uteuzi, saa tano asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, Verna akiwa anamenya chungwa, Orest alifumbua macho kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, akainua mkono akauweka sikioni, vidole vimekunjwa kushika kitu ambacho hatukukiona.

"Ndiye," akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu tukiwa shambani. Akasikiliza. "Niko sawa." Akasikiliza tena, akacheka. "Baridi? Unamwambia baridi mtu wa Saskatchewan?" Kisha akamgeukia Verna, akamtazama muda mrefu, akasema kwenye kile kiganja, "Mkataba ninao. Wa miaka hamsini. Subiri nimwulize." Verna akaliweka chungwa chini, akamfuta kidevu, akamwambia, "Nenda, Orest. Wamekupigia." Naye akasema, "Nitakuja," akashusha mkono taratibu, kama mtu anayerudisha mkonga mahali pake asije akawakatia wengine laini, na pumzi ikaishia hapo.

Jumatatu mtunza vifaa wa klabu alipiga simu nyumbani kusema kwamba chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo tangu wiki iliyopita, kibao kipo, ndoano ipo, koti halipo, na sakafuni chini ya kabati kuna maji. Verna alikwenda kabatini akatoa koti zito la mumewe akalipiga brashi, akasema, "Yule mmoja walimpeleka bila koti. Huyu wangu hawatamwonea." Na mkurugenzi wa mstari wa tatu ameniruhusu niseme kwamba barua ya Ligi ya mwaka huu imekwisha fika, na kwamba penye hali ya Beaton, L., ameandika kwa mkono wake, "Ameripoti."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa muuguzi aliyekuwepo mlangoni asubuhi ile na kuandika katika taarifa yake kwamba mgonjwa alikuwa na mazungumzo, bila kuuliza na nani. Tunawashukuru majirani wa mtaa wetu walioondoa theluji mlangoni kwake majira yote ya baridi, akina mama wa parokia ambao tangu jana wanakunja pyrohy, vile visambusa vyetu vya viazi vya kuchemsha, huko chini, ambazo nawaomba msiziache zipoe, na Wasagaji, ambao walimwajiri kwa kazi moja wakamruhusu afanye nyingine.

Kaka, desturi inataka nikuambie upumzike, ila nilikuwepo ulipojibu, na najua hukwenda kupumzika. Nenda na koti lako. Msalimie kijana, mwambie mama yake nafasi tuliitunza. Kumbukumbu yako ni ya milele, na nafasi yako, Orest, imewekwa.